Jinsi ya kuitumia maktaba ya mkoa hata kama shule ulimaliza zamani

Kila nikimwambia mtu naenda maktaba naulizwa swali lile lile, "kwani saivi unasoma chuo gani?" Yaani kwa wengi wetu maktaba ni ya mwanafunzi, mtu akishamaliza mtihani wa mwisho na maktaba ndo kwaheri. Mimi ni fundi cherehani, sina chuo chochote, na kila baada ya wiki mbili nipo pale mezani narudisha vitabu na kuchukua vingine. Kukata kola ya koti na kupachika mkono ukakaa vizuri begani nilijifunza kwenye kitabu cha maktaba, kitabu kinene chenye michoro ya kukatia ambacho madukani sikuwahi kukiona, na hata ningekiona nisingekimudu bei. Kwahiyo naandika hapa kila hatua, kuanzia kuitafuta maktaba yenyewe mpaka kuanzisha kikundi ndani yake, kwa sababu nimeona watu wengi wanafika getini wanarudi, au wanaingia wanakaa na daftari zao walizotoka nazo nyumbani, wanatoka bila kugusa hata kitabu kimoja cha mle ndani.

Mengi ntayasema ya Tanzania bara maana ndo nnayoyajua kwa miguu yangu.

Hatua ya 1: Ijue maktaba iliyo karibu na wewe

Bara maktaba za umma zipo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Sheria ya kwanza ya maktaba ilitungwa 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru, na hii Bodi tunayoijua imetokana na sheria ya 1975. Makao makuu ni Maktaba Kuu ya Taifa, ipo Dar es Salaam barabara ya Bibi Titi Mohamed, jengo ambalo Mwalimu Nyerere alilifungua tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sherehe za uhuru. Nchi ilikuwa na watu wengi sana wasiojua kusoma wakati ule na bado wakaona maktaba ni kitu cha kufunguliwa siku kubwa kama hiyo. Na haikujengwa kwa ajili ya wanafunzi peke yao, ilijengwa kwa mwananchi yeyote. Hilo likae kichwani kabla hujaanza kuogopa mlinzi.

Mikoani zipo maktaba za mikoa, Mwanza, Arusha, Moshi, Tanga, Mbeya, Dodoma, Morogoro, Iringa na kwingine, na baadhi ya wilaya nazo zina za kwao. Ukishuka stendi muulize bodaboda "nipeleke maktaba ya mkoa", mara nyingi anaijua kwa sababu anapeleka wanafunzi kila siku. Zanzibar wana shirika lao la huduma za maktaba, ya kwao kubwa ipo Maisara, na Pemba ipo Chake Chake. Kenya maktaba za umma zilianza chini ya shirika la taifa, knls, na baada ya ugatuzi nyingi zimekuwa za kaunti, kwahiyo ukiwa kule pa kuulizia ni serikali ya kaunti.

Usichanganye na maktaba ya chuo. Ya chuo ni ya wanachuo wao, ukitaka kuingia unahitaji barua na ruhusa. Ya umma ni yako.

Siku ya kwanza nenda siku ambayo huna haraka, siku ya kazi, asubuhi. Jumapili na sikukuu usitegemee kukuta pako wazi, na jumamosi angalia ratiba iliyobandikwa mlangoni maana masaa yanakuwa mafupi. Piga picha hiyo ratiba kwa simu ikae.

Hatua ya 2: Vya kubeba na namna ya kuingia

Beba kitambulisho, chochote ulichonacho, NIDA, cha mpiga kura, leseni, au cha shule kwa mtoto. Beba picha za paspoti mbili au tatu, kopi ya kitambulisho, kalamu, daftari dogo na hela ndogo ndogo. Kama unatumia laptopu hakikisha imejaa chaji toka nyumbani maana soketi ni chache na wanaozigombea ni wengi.

Ukifika mlangoni kuna meza. Unasalimia, unaandika jina kwenye daftari, kama sio mwanachama unaulizia ada ya siku. Viwango vinabadilika na vinatofautiana mtu mzima na mtoto, kwahiyo uliza pale pale na udai risiti. Siku hizi malipo ya serikali mengi yanakwenda kwa kontro namba, ukipewa namba unalipia kwa simu, usimpe mtu hela mkononi bila risiti hata kama ni mtu mwema.

Begi linabaki nje, kwenye vile vijumba vya kuwekea mizigo, unapewa kibati chenye namba. Hapa sikiliza vizuri. Simu, pochi na laptopu ingia navyo, usiache kwenye begi. Na kama umekuja na vitabu vyako mwenyewe VIONYESHE pale mezani WAKATI UNAINGIA. Nimeona binti analia kabisa mlangoni, kitabu chake mwenyewe alichonunua, ila hakukionyesha asubuhi na jioni anaambiwa athibitishe kwamba ni chake. Dakika moja ya asubuhi ingemwokoa.

Hatua ya 3: Uanachama

Kukaa na kusoma mle ndani unaweza kwa ada ya siku tu, ila ukitaka kubeba kitabu nyumbani lazima uwe mwanachama. Unachukua fomu, unajaza, unabandika picha, unalipa ada, na kuna sehemu ya mdhamini. Mdhamini ndo panapowakwamisha watu wengi. Kama umeajiriwa, mwajiri anaweza kukudhamini, mwanafunzi anadhaminiwa na shule, na sisi tuliojiajiri tunakwenda serikali ya mtaa.

Mimi mara ya kwanza nilirudishwa, ilikuwa maktaba ya mkoa mmoja nilipokuwa naishi zamani, nilijaza fomu vizuri kabisa nikasahau mhuri. Nikaenda kwa mtendaji, yupo kwenye kikao. Kesho yake, yupo saiti kuna mgogoro wa mpaka. Siku ya tatu ndo nikampata. Nilikaribia kuacha kabisa na naamini wapo walioacha. Kwahiyo fanya hivi: siku ya kwanza nenda maktaba uchukue fomu tu na uulize wanakubali mhuri wa nani, alafu asubuhi na mapema, kabla ofisi haijachangamka, nenda serikali ya mtaa na fomu iliyokwisha jazwa, kopi ya kitambulisho na picha, umkute mtendaji kabla hajatoka. Ukienda saa nne umeshachelewa.

Ukipewa kadi uliza mambo matatu ukiwa umesimama pale pale: naweza kuchukua vitabu vingapi kwa mara moja, vinakaa siku ngapi, na naweza kuongeza muda bila kuja. Andika majibu nyuma ya daftari lako.

Hatua ya 4: Kukipata kitabu unachokitaka

Hapa ntakaa kidogo maana ndo roho ya maktaba. Watu wengi wanazunguka kwenye makabati wanasoma mgongo wa kitabu kimoja kimoja kama wapo mnadani, wanachoka, wanasema hamna kitu. Vitu vipo, vimepangwa kwa namba, na namba zenyewe ukizielewa leo zitakufaa karibu maktaba yoyote ya umma utakayoingia, iwe Tanga, iwe Nairobi.

Mfumo unaitwa Dewey, wa Mmarekani Melvil Dewey, aliutoa 1876. Maarifa yote yamegawanywa kwenye mafungu kumi, 000 mpaka 900. Huna haja ya kukariri yote, kariri ya kwako. Dini ni 200, ukitafuta Biblia nenda 220, Uislamu 297. Sheria 340. Hisabati 510. Tiba na afya 610. Umeme 621.3, magari 629. Kilimo 630, na mifugo ni 636, kuku wapo 636.5. Mapishi 641.5. Ushonaji wa nguo, kwangu mimi nyumbani, 646.4. Uhasibu 657. Lugha ya Kiswahili 496.392, na fasihi yake, riwaya na mashairi na tamthilia, 896.392. Historia ya Tanzania 967.8, Kenya 967.62, Uganda 967.61.

Angalia mgongo wa kitabu, chini kuna karatasi nyeupe, namba ipo juu na herufi tatu chini yake. Namba ni mada na zile herufi mara nyingi ni mwanzo wa jina la mwandishi. Vitabu vya mada moja vinapangana kwa herufi hizo. Sasa kosa ambalo karibu kila mtu analifanya ni kwenye nukta. Baada ya nukta usisome kama namba ya kawaida, soma tarakimu moja moja. Yaani 636.08 inatangulia, inakuja 636.5, alafu 636.51, alafu 636.6. Ukisoma 51 kama hamsini na moja utakwenda kutafuta mbali kabisa huko mbele wakati kitabu kipo hapo hapo ulipoanzia.

Jirani yangu anafuga kuku wa kienyeji, walikuwa wanakufa wote kwa siku mbili tatu, kila mtu anamwambia dawa yake, mara maji ya mwarobaini, mara pilipili. Nikamwambia twende. Tulienda kwenye 636.5 na hatukutumia hata robo saa, tukapata vitabu vinne, kimoja kwa Kiswahili rahisi kina picha za kuku anayeumwa. Akasoma habari za mdondo na chanjo yake, akaona kwamba alikuwa anatafuta dawa ya ugonjwa ambao hauna dawa, unazuiwa kwa chanjo kabla. Akaenda kwa bwana mifugo akiwa anajua cha kuuliza. Hela ya daladala tu ndo tuliyotumia.

Ukikuta kitabu kina herufi R kabla ya namba hicho ni cha rejea, kamusi, ensaiklopidia, ramani, hakitoki nje, unakisomea pale pale.

Na ukimaliza kusoma kitabu USIKIRUDISHE mwenyewe kwenye kabati. Najua tumelelewa kurudisha kitu pale tulipokitoa, ila maktaba kitabu kikiwekwa rafu isiyo yake ni kama kimepotea, mtu wa 636 hatakuja kukitafuta kwenye 663. Kiache mezani, wahudumu watakirudisha wenyewe, na maktaba nyingi wanavihesabu vile vilivyoachwa mezani wajue ni vitabu gani watu wanavitumia.

Hatua ya 5: Ongea na mkutubi

Kama utaishika hatua moja tu kwenye haya yote, ishike hii. Yule mama au kaka aliyekaa pale kwenye meza ya maulizo amesomea kazi yake, kuna chuo kabisa cha ukutubi na nyaraka pale Bagamoyo, na kazi yake kubwa ni kukutafutia wewe. Anakaa kimya kwa sababu mle ndani ni pa kimya, sio kwamba amenuna.

Namna ya kuuliza ina uzito. Usiende ukasema "naomba vitabu vya biashara", vipo vingi mno hajui akupe kipi. Mwambie shida yako yenyewe. Kama hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, nikusaidie nini?"

"Nina kigenge, nauza kwa mkopo na mwisho wa mwezi sijui hela imekwenda wapi. Nataka kitabu cha kunifundisha kuandika hesabu, kwa Kiswahili kama kipo."

Hapo umempa kila kitu, anajua mada ya kitabu, lugha, na kiwango. Atakupeleka 657, au atakwambia subiri kuna kingine kipo ndani.

Maana kuna vitabu vipo ndani. Hili wengi hawalijui. Kwa sheria, wachapishaji wa nchi hii wanatakiwa wapeleke nakala za wanachochapisha Maktaba Kuu. Ina maana vitabu vya Kiswahili vya miaka hiyo, vile ulivyosoma shule ya msingi, vilivyokwisha kabisa madukani, pa kwanza pa kuvitafuta ni pale. Vingi havikai kwenye rafu za wazi, unaomba kwa kuandika unachotaka na unaletewa. Magazeti ya zamani hivyo hivyo. Ukitaka gazeti nenda na tarehe, au angalau mwezi na mwaka. Baba yangu alikuwa anasema siku zote jina lake lilitoka gazetini alipochaguliwa kwenda sekondari na sisi tulikuwa tunamsikiliza tu, ila tulipoulizia tukaambiwa "mwaka gani, mwezi gani?" na hakuna aliyekuwa anajua kwa hakika, kwahiyo tulipitia kurasa mpaka macho yakauma. Tuliipata siku ya pili. Mzee alipoona ile picha ya ukurasa kwenye simu alinyamaza muda mrefu alafu akaanza kututajia majina mengine kwenye ile orodha, nani alikuwa nani, nani yu hai.

Hatua ya 6: Kukaa

Fupi. Simu weka kimya, ukipigiwa toka nje. Ukitaka kumwelekeza mwenzako uliza kama kuna sehemu ya kujadiliana, maktaba nyingi wana kona au hata veranda. Chakula hapana, maji kwenye chupa yenye mfuniko uliza. Usiweke daftari kwenye kiti ukaondoka masaa mawili, hasa kuelekea mitihani ya kidato cha sita mwezi wa tano na kidato cha nne mwezi wa kumi na moja, kipindi hicho vijana wanapiga msuli kuanzia mlango unapofunguliwa na wapo wanaosimama. Mimi miezi hiyo nachukua kitabu naondoka, kiti namwachia mtoto wa mtu mwenye mtihani.

Hatua ya 7: Mpeleke mtoto

Maktaba nyingi za mikoa zina sehemu ya watoto, viti vifupi, meza fupi, picha ukutani. Ada yao ni ndogo. Cha kwanza, usimpeleke ukamwacha kama umemwacha kwenye daycare, wahudumu wana kazi nyingine na mtoto mgeni anaogopa. Kaa naye mara mbili tatu za mwanzo.

Cha pili, usimchagulie. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu naliona kila nikienda. Mzazi anaingia na mtoto wa darasa la pili, mtoto amekimbilia kitabu cha tembo, mzazi anakinyang'anya anampa kitabu cha hisabati, "soma hiki, hicho cha nini?" Mtoto uso unashuka. Shuleni ana hisabati siku tano. Mwache na tembo wake. Mpwa wangu alianza na kitabu kimoja cha samaki, akakichukua mara nne mfululizo, kile kile, mama yake akawa analalamika kwamba hapati faida, alafu siku moja tupo feri Kigamboni akaanza kutaja samaki mmoja mmoja kwenye mabeseni na kusema huyu anaishi kwenye mwamba huyu kwenye mchanga. Wale wavuvi walimpa pweza mdogo bure.

Cha tatu, soma naye kwa sauti ya chini, hata kama wewe kusoma kwako ni kwa kusuasua. Mtoto hatakucheka, atakusaidia. Wapo akina mama ambao wameurudisha usomaji wao kwa njia hii hii, kwenye vile viti vifupi, na hakuna aliyewauliza chochote.

Uliza pia kama kuna siku ya hadithi au michoro, mara nyingi inakuwa jumamosi au wakati wa likizo. Kama hamna, angalia hatua ya 9.

Hatua ya 8: Kitabu kikiwa kwako

Kiandalie sehemu moja nyumbani, juu, mbali na maji na mbali na watoto wadogo na mchwa. Mvua za masika zikianza kitabu kinaloana kwenye daladala kabla hujafika, na mifuko ya plastiki tuliyozoea imepigwa marufuku toka Juni 2019, kwahiyo tafuta begi la turubai au faili la zipu. Mimi nimejishonea mfuko wa kitambaa cha mwavuli ulioharibika, unafaa sana, mwavuli mmoja unatoa mifuko miwili.

Ukurasa ukichanika usibandike selotepu, inageuka njano na gundi yake inakula karatasi. Rudisha na useme, wao wana namna yao. Ukipoteza, nenda kaseme mapema, usisubiri wakutafute kupitia mdhamini wako maana utamwaibisha mtendaji na safari ijayo hatamgongea mtu mhuri. Mara nyingi utaambiwa ununue kingine kama hicho au ulipe thamani yake. Ukichelewesha kuna faini kwa siku, ni ndogo ila inakua. Nimejua watu waliokimbia maktaba miaka kumi kwa sababu ya kitabu kimoja kilichochelewa, wakati wangeenda wangelipa faini na kuendelea. Kama ni wewe, nenda nacho.

Hatua ya 9: Anzisheni kitu mle ndani

Maktaba ikiwa na watu inapata nguvu hata ya kuomba bajeti, na nyingi zina ukumbi au chumba ambacho kinakaa kitupu. Sisi tulianza watu sita, mafundi watatu, mwalimu mstaafu, kijana wa duka la dawa na mama mmoja muuza samaki. Tunakutana jumamosi ya mwisho wa mwezi, tunasoma riwaya moja ya Kiswahili kwa mwezi.

Namna ya kuanza ni hivi. Ongea kwanza kwa mdomo na mkuu wa maktaba, mueleze mpo wangapi na mnataka kufanya nini. Akikubali andika barua, ukurasa mmoja, taja siku, saa, idadi, na jina la mtu mmoja wa kuwajibika, na acha kopi yako igongwe "imepokelewa". Chagueni siku moja isiyobadilika, msianze kuhamisha hamisha kwa sababu ya harusi na vikao, mkihamisha mara mbili kikundi kimekufa. Kama vitabu ni vichache kuliko watu, mmoja anasoma kwa sauti wengine wanasikiliza, sisi tulianza hivyo na mpaka leo sura ya kwanza tunasoma hivyo, na ndo kilichomfanya yule mama wa samaki abaki maana miwani ilikuwa inamsumbua. Grupu la WhatsApp liwepo kwa ajili ya kukumbushana tarehe tu.

Kikundi kikishakaa sawa mnaweza kufanya na mengine, kusoma hadithi kwa watoto likizo ya mwezi wa sita, kuwasaidia wazee kujaza fomu, kumwalika bwana afya aongee. Omba kila kitu kwa ratiba, usimshtukize mkutubi.

Kuhusu kuchangia vitabu: uliza kwanza wanahitaji nini. Usipeleke vilivyoliwa na panya wala vya kiada vya mitaala iliyopita, mitaala mipya imeanza kutumika 2024 na vya zamani vinawajazia stoo. Riwaya, kamusi, vitabu vya ufundi na vya watoto ndo vinavyopokelewa kwa mikono miwili.

Na kama kwenye kikundi chenu kuna anayeandika, ile Bodi ya maktaba ya hatua ya 1 ndo inayotoa ISBN kwa Tanzania, ile namba ya tarakimu 13 nyuma ya kitabu. Geuza kitabu chochote, ukiona 978 ikifuatiwa na 9976 au 9987 kimepewa namba hapa kwetu, 9966 ni Kenya, 9970 ni Uganda. Mwalimu wetu mstaafu alikuwa na muswada wa mashairi kwenye sanduku na alidhani ISBN inaombwa Ulaya.

Hatua ya 10: Kama maktaba ipo mbali

Kuna walio kilomita nyingi kutoka makao makuu ya mkoa na najua. Wenzetu wa Kenya kule Garissa walianza 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji, na hapa kwetu miaka ya 1970 wakati wa kampeni ya kisomo cha watu wazima kulikuwa na maktaba za vijiji, kwahiyo sio kitu kigeni. Anzeni na kabati moja lenye kufuli, kwenye ofisi ya kijiji, shule, msikiti au kanisa, popote penye mtu anayeshinda pale. Daftari moja la nani kachukua nini na lini. Alafu mmoja wenu aende maktaba ya mkoa na barua ya kijiji aulize kama wanaweza kuwaazimisha vitabu kwa mkupuo na kuwafundisha kuvipanga. Vitabu hamsini vinavyozunguka vinatosha kabisa kuanzia.

Hatua ya 11: Omba kisichokuwepo

Pale mezani kuna daftari au sanduku la maoni. Usiandike "ongezeni vitabu", hiyo haimsaidii mtu. Andika jina la kitabu, mwandishi, na nani wanakihitaji, mfano "mafundi cherehani tupo wengi mtaa huu, hamna kitabu hata kimoja cha kukata nguo za watoto". Kisha mwambie mkutubi kwa mdomo pia, na muulize tena baada ya miezi michache bila hasira. Mimi niliandika hivyo hivyo mwaka jana mwanzoni. Mwezi wa tisa nimeenda kurudisha vitabu, dada wa mapokezi akaniita, akanyanyua kitabu kipya kabisa bado kina harufu ya wino, akasema "fundi, hiki ulikiomba wewe, tumekuwekea ukifungue wa kwanza".